Gia boksi isiyo na stiki: ninavyopima na kujaza haidroliki ya Mark X yangu

Nilikuwa katikati ya mlima wa Kitonga, nyuma ya lori la saruji, gari liliponigomea. Nikikanyaga mafuta, mshale wa RPM unaruka hadi karibu 4,000, injini inalia, gari lenyewe linajikokota kama limefungwa kamba kwa nyuma. Sekunde mbili, tatu, halafu gia inashika kwa teke la kutikisa viti. Basi linanipigia honi. Mama yangu, mfuko wa mchele wa Ifakara miguuni pake, akaniuliza, "Mwanangu, hili gari lina pumu?"

Siku tatu kabla ya safari ile nilikuwa nimelipeleka gereji moja mjini Morogoro, nikaomba waangalie oili ya gia boksi, ndiyo hiyo haidroliki. Kijana akaingia uvunguni, injini ikiwa imezimwa, akafungua boliti ya chini, oili ikaanza kumwagika. "Dada, hii walikuzidishia," akasema, akaiacha itoke mpaka ilipokoma yenyewe. Akafunga. Nikalipa na kushukuru juu.

Iringa, kesho yake baada ya Kitonga, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, gereji yake ni shimo la zege na mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza. Aliuliza swali moja tu: "Alipofungua ile boliti, injini ilikuwa inawaka?" Nikamjibu ilikuwa imezimwa. Akacheka, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Siku hiyo gari langu lilikunywa mililita 900 kabla halijatosheka.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hospitalini, mwaka wa 17 sasa. Kutwa nzima kazi yangu ni kupima vitu vya majimaji. Nilipoelewa kosa lilikuwa nini, niliona aibu kuliko hasira: nilisimama pale nikitazama kimiminika kinapimwa bila kipimajoto, na sikufungua mdomo. Tangu hapo naipima mwenyewe, uani kwangu Kihonda, na haya ndiyo ninayoyafanya.

Gari ninalolizungumzia ni Mark X ya GRX120, lile toleo la kwanza lililotoka mwaka 2004, injini ya lita 2.5, gia boksi ya A960E yenye gia sita. Aliyezoea IST au Corolla za zamani atafungua boneti atafute stiki ya pili, kile kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, asiione. Haipo. Badala yake kuna boliti tatu. Moja iko ubavuni mwa gia boksi, kubwa, ya spana namba 24: hapo ndipo pa kujazia. Mbili ziko chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Ya namba 14 ni ya kumwagia. Ile nyingine, ndogo, ya kufunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 5, ndiyo stiki yako. Kwa ndani, tundu lake limepandishwa na mrija mfupi uliosimama ndani ya sampo. Oili ikivuka mdomo wa mrija, inamwagika nje. Ikiwa chini yake, haitoki kitu. Basi, hicho ndicho kipimo chote.

Ujanja upo kwenye joto. Oili hutanuka ikipata moto, takriban asilimia 0.07 hadi 0.08 kwa kila nyuzi moja. Chukua gia boksi yenye lita 7 hivi. Kutoka nyuzi 25 asubuhi hadi nyuzi 85 ukiwa umetoka safari, oili ileile imeongezeka kama mililita 300, karibu chupa nzima ya soda, na hakuna aliyeongeza tone. Kwa hiyo ukiuliza "oili imefika?" bila kusema "kwa nyuzi ngapi?", hujauliza swali.

Jambo la pili ndilo lililonikuta mimi. Injini ikiwaka, pampu ya gia boksi inanyonya oili kutoka kwenye sampo na kuipeleka kwenye konveta (inayounganisha injini na gia boksi), kwenye vali, kwenye rejeta yake. Injini ikizimwa, sehemu ya oili ile inashuka kwenye sampo na usawa unapanda. Fungua boliti ya kupimia hapo, inaweza kumwagika hata kama gia boksi ina njaa. Yule kijana aliona mafuriko akadhani ni neema. Kipimo cha haki ni injini ikiwa inaunguruma.

Sasa vifaa. Jeki moja na stendi nne. Ndiyo, nne, kwa sababu gari lazima lilale sawa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Ukiinua mbele tu, oili yote inakimbilia nyuma na kipimo chako ni uongo. Mimi naazima pima maji ya fundi ujenzi, naiweka kwenye kizingiti cha mlango, kwa urefu kisha kwa upana. Aliye karibu na gereji yenye shimo la kulala sawa aombe nafasi, atapumzika na kazi ya stendi. Halafu spana za namba 24 na 14, alenki namba 5, washa mpya za boliti (zile pete za kuzibia), jagi lenye alama za mililita, beseni pana, miwani na glavu. Skana ndogo ya Bluetooth, ile inayochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba kwenye simu. Hakikisha programu yako inasoma joto la gia boksi, kwa maana nyingi zinakuonyesha la injini tu. Na kitu cha kusukumia oili juu. Mara ya kwanza nilitumia bomba la sindano la mililita 60, ugonjwa wa kazini, nikasukuma mara ishirini na kitu mpaka bega likaniuma. Nunua pampu ya mkono yenye mpira mrefu, haina bei kubwa.

Oili yenyewe ni Toyota ATF WS. Si Dexron, si T-IV. Zote ni nyekundu, na wekundu huo umeua gia boksi nyingi. WS ni nyepesi kuliko hizo za zamani, na gia boksi hii ilitengenezewa wepesi huo. Kopo la Kijapani la lita 4 lina namba 08886-02305. Mimi naagiza Gerezani, Kariakoo, kwa muuzaji ambaye tumezoeana, na kopo likifika naangalia mfuniko kabla sijaangalia kitu kingine. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina sinunui hata kwa mkopo.

Naanza saa 12 asubuhi, gari likiwa limelala tangu jana. Sababu ni ileile ya joto. Dirisha la kupimia ni dogo: kwenye gia boksi ya Toyota ya U660E, kwa mfano, kitabu kinasema nyuzi 40 hadi 45, na yangu inazungukia huko huko, mimi nalenga 40. Morogoro mwezi wa saba alfajiri, skana inaanza kusoma nyuzi 20 na kitu, nina muda wa kujipanga. Mwezi wa kumi na mbili saa nane mchana, gari limeanikwa juani, unawasha tu na tayari uko 36. Hata glavu hujamaliza kuvaa. Angalieni kitabu cha gari lenu, maana zipo Toyota ambazo dirisha lake liko juu zaidi.

Kabla ya yote fungua boliti ya juu, ya kujazia. Kabla hujagusa ya chini. Nasisitiza hili kama ninavyosisitiza jina la mgonjwa kwenye kichupa. Jirani yangu alimwaga oili ya Crown yake yote kwanza, safi kabisa, beseni limejaa. Alipogeukia boliti ya juu ikawa imeshikana na kutu, spana ikala pembe zake sita zikawa duara. Gari haliwezi kuendeshwa, halina oili. Haliwezi kujazwa, halifunguki. Lilikaa chini ya mwembe wiki mbili, kuku wakataga mayai nyuma ya gurudumu, mpaka akapatikana mtu wa kuchomelea nati juu ya boliti ile. Boliti ya juu ikikataa kulegea, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uiache usiku kucha. Ikikataa tena, shusha gari, nenda kwa fundi. Hujapoteza kitu.

Imefunguka? Vizuri. Injini ikiwa bado imezimwa, fungua ya kupimia. Ikimwagika kidogo, sawa, tunajua kwa nini. Isipotoka kitu, sukuma oili kwa pampu kupitia tundu la juu mpaka ianze kutoka chini. Huo ni usawa wa kuanzia, unaotosha kuiwasha injini salama. Rudisha boliti zote mbili kwa mkono.

Sasa toka uvunguni. Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ukiweka D huku liko juu ya stendi, magurudumu yale yatazunguka. Kusiwe na mtu chini, mtoto karibu, wala mbwa. Milango au geti liwe wazi, moshi wa ekzosi usikurudie. Zima AC na taa. Washa, kanyaga breki, pitisha gia taratibu: P, R, N, D, kila moja sekunde tano hivi, kisha rudi mpaka P. Hapo oili imefika kila chumba. Vuta handibreki, acha injini iungurume, tazama simu.

Asiye na skana ana njia ya kizamani ambayo Toyota wenyewe wameiweka. Kwenye soketi ile ya chini ya usukani, unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, unawasha injini, halafu unapeleka gia N na D haraka haraka kwa sekunde sita hivi, bila kukaa sekunde moja na nusu mahali pamoja. Taa ya D kwenye dashibodi ikiwaka sekunde mbili ikazimika, umekubaliwa. Rudi P, toa waya. Kuanzia hapo taa ya D ndiyo kipimajoto chako: ikiwaka tuli, joto limefika, ikianza kupepesa, limepita. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka. Namba 16 ina moto wa betri moja kwa moja, na waya wako ukikosea nyumba hapo utanuka plastiki.

Nyuzi 38. Narudi chini na alenki na beseni. Bomba la ekzosi liko karibu na tayari linauma, kwa hiyo mkono unapita kwa adabu. Injini inawaka juu yangu, sauti yake naisikia kifuani. Nyuzi 40, nafungua.

Yanaweza kutokea matatu. Kama hakitoki kitu, imepungua: fungua ya juu, injini ikiendelea kuwaka, sukuma mililita 100, subiri, tena 100, mpaka chini kuanze kutoka. Kama inatoka kwa kishindo, unene wa kidole, ilizidishwa, iache. Kama inatoka kama uzi, ndiyo hali ninayoipenda. Uzi ule kwanza unashuka mmoja, mwekundu, unang'aa kama sharubati ya rosela kwenye mwanga wa tochi. Kisha unakonda. Kisha unaanza kukatika, unaungana, unakatika, mpaka yanabaki matone yanayofuatana. Hapo hapo funga. Usingoje ikauke kabisa, haitakauka: injini inawaka, oili inazidi kupata moto, inatanuka, na kila unavyosubiri inapanda tena mdomo wa mrija na kutoka. Nimemwona mtu akisubiri tone la mwisho dakika kumi. Alikuwa anapima nyuzi 55 bila kujua.

Joto likikutoroka likapita 45, usilazimishe. Funga, zima, nenda kanywe chai, rudi likipoa. Mimi huwa nachemsha maharage siku hiyo ili niwe na la kufanya.

Boliti za sampo nakaza kwa nyutoni mita 20, ya kujazia 39. Nina spana ya kupimia nguvu, ya kuazima. Anayekaza kwa mkono akumbuke kuwa boliti ya alenki ni laini, ukiikaza kama ya gurudumu utakayeilipa ni wewe safari ijayo. Washa mpya kila mara.

Kubadilisha oili kunafuata njia hiyohiyo, ila mwanzoni unafungua ya namba 14 na kuimwaga. Ipokee kwenye kitu safi, uipime. Kwangu ilitoka lita 2 na mililita 850, nikarudisha kiasi hichohicho cha oili mpya kwanza, halafu nikaenda kwenye nyuzi 40 kama kawaida. Inayotoka ni sehemu tu, nyingine imebaki kwenye konveta, ndiyo maana nilirudia mara tatu, kila baada ya kilomita 1,000, badala ya kuisafisha yote kwa mashine. Gia boksi ya zamani haipendi kushtuliwa. Wapo wanaosema oili hii ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Mimi napanda Kitonga na mchele na mama, naibadilisha kila kilomita 40,000.

Oili ya zamani niliidondoshea kwenye karatasi ya kuchujia, tabia ya maabara, nikaiacha saa moja. Nzuri inatambaa pana, waridi, bila alama. Yangu ilikuwa ya kahawia, na katikati ilibaki duara jeusi kama la kahawa iliyokauka chini ya kikombe. Harufu haikuwa ya kuungua, ndiyo iliyonipa moyo. Siku nilipoishusha sampo yenyewe kubadilisha filta, sumaku zilikuwa na ute wa kijivu, laini, unaopakazika kidoleni kama grisi. Huo ni uchakavu wa kawaida, futa. Ukikuta vipande unavyoweza kuvichukua kwa kucha, vinavyometameta, acha mwongozo huu, funga, mtafute fundi wa gia boksi.

Kwa magari mengine, maneno machache. Gari la CVT, lenye gia boksi inayobadilika bila hatua za gia, lina oili yake, Toyota wana TC na baadaye FE, na WS humo ndani ni sumu. Soma kibandiko au kitabu, usikubali "zote ni haidroliki". Mazda CX-5 za Skyactiv zina mzaha wao: stiki ipo, ila imefichwa chini ya boksi la filta ya hewa na kufungwa kwa boliti ya namba 10, watu wanaapa haipo. Na kama gari lako limeanza kuvuja, tafuta linapovujia kwanza. Kuongeza oili kwenye gia boksi inayovuja ni kumnywesha maji mtu anayeharisha ukadhani umemtibu.

Oili chakavu naitia kwenye dumu. Mjomba wa Mikese huja kuichukua, anapaka nguzo za uzio wake dhidi ya mchwa. Mtaroni haiendi, mtaro wetu unaishia kwenye bustani za mchicha.

Kisha nashusha gari, naliendesha mpaka Nanenane na kurudi, nahisi kila gia inavyoingia. Usiku natandika boksi la karatasi lililofunguliwa chini ya gia boksi, jeupe kwa juu. Asubuhi nikichungulia likiwa kavu, nalikunja nalitunza kwa safari nyingine. Likiwa na doa, naangalia doa liko chini ya boliti ipi.